Mstari Mmoja Si Kitabu

Ewe msomaji, ziko elimu mbili zinazofanana uso lakini hazifanani moyo. Ya kwanza ni kulijua jambo. Ya pili ni kujua kwamba jambo hilo linajulikana. Mwenye elimu ya kwanza huweza kulitumia jambo, kulipima, kulikubali au kulikataa. Mwenye elimu ya pili huweza kulitaja tu. Mtu wa namna hii akisikia mstari wa mwanzo wa riwaya mashuhuri ya Kiingereza, huruka mara moja akataja jina la kitabu, jina la mtunzi, na pengine mwaka wa kuchapishwa, na wenzake humpigia makofi. Mwulize kitabu hicho kinasema nini, na makofi yatakoma. Insha hii ni vita juu ya elimu hiyo ya pili.

Nasema hasa na wewe uliye katika shule za sekondari za Kitui na Makueni, tangu Mwingi hadi Mutomo, na tangu Wote hadi Mtito Andei, ingawa ugonjwa nitakaoutaja haujui mpaka wa kaunti. Mimi ni mwalimu niliyefunzwa kazi hii katika chuo cha ualimu, na niyasemayo nimeyaona madarasani. Nimeona madaftari yaliyojaa madondoo yaliyotungwa kama shanga katika uzi: maneno upande huu, msemaji upande ule, kisha msemewa, mahali na sababu. Nimeona mashindano ya wanafunzi ambamo mstari husomwa na mshindi ni yule atakayekuwa wa kwanza kulitaja jina la kitabu. Nimeona kijana aliyetambua madondoo mengi bila kukosea hata moja, na alipoombwa aeleze kwa nini mhusika mmoja tu miongoni mwa wale alitenda kama alivyotenda, akainamisha kichwa. Kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa amejifunza barabara kile alichofundishwa, na hapo ndipo penye msiba.

Asili ya desturi hii haijifichi. Mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, umewazoesha watahiniwa swali la dondoo. Katika karatasi ya fasihi ya Kiswahili mtahiniwa hupewa maneno machache yaliyotolewa kitabuni, kisha huambiwa aeleze muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa sababu gani. Swali lenyewe si baya. Lilitungwa ili kupima kama mtahiniwa amekisoma kitabu. Walakini kipimo cha kusoma kimegeuzwa kuwa badala ya kusoma. Mgonjwa akikichovya kipimajoto katika maji baridi, kipimajoto kitasema hana homa, na homa itaendelea kumla. Hivyo ndivyo anavyofanya mwanafunzi anayekariri muktadha kutoka katika mwongozo bila kukifungua kitabu. Amekidanganya kipimo, lakini homa ya ujinga haikudanganyika.

Kujivunia mistari ya Kiingereza kuna historia ndefu zaidi. Katika zama za ukoloni wachache waliobahatika kufika sekondari walifanya mtihani wa Cambridge, na kazi zao zilipelekwa ng'ambo kusahihishwa. Kiingereza kilikuwa ufunguo wa kazi, wa mshahara na wa heshima. Mtu aliyeweza kumtaja Dickens au Shakespeare mbele ya wenzake alihesabiwa kuwa msomi hata kabla ya kuulizwa lolote. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka katika chuo kikuu mjini Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake paanzishwe idara itakayoiweka Afrika katikati. Walishinda kwa sehemu kubwa, na vitabu vya watunzi wetu vikaingia shuleni. Lakini tazama jinsi desturi mbaya inavyojua kubadili nguo! Kilichokaririwa zamani kwa Kiingereza cha Dickens kinakaririwa sasa kwa Kiswahili cha watunzi wetu wenyewe. Kumbe ugonjwa haukuwa Uingereza. Ugonjwa ulikuwa kukariri, na dawa yake haikuwa kubadili kitabu tu, bali kukisoma.

Pengine utaniuliza, hasara iko wapi? Mtu akiujua mstari mmoja wa kitabu, si afadhali kuliko asiyejua hata mmoja? Hilo ni swali la haki, nami nitalijibu kwa mifano, kwa maana madai bila mifano ni ngoma bila mchezaji.

Chukua riwaya ya Charles Dickens iitwayo A Tale of Two Cities. Ilianza kutolewa tarehe 30 Aprili 1859 katika gazeti lake la kila juma, All the Year Round, ikamalizika tarehe 26 Novemba mwaka huo huo. Mwanzo wake unajulikana duniani kote: unazisifu na kuzilaani zama zile zile kwa pumzi moja, kwamba ni bora kupita zote na tena ni mbaya kupita zote. Kila bingwa wa madondoo anaijua jozi hiyo ya kwanza. Wasemaji huitia katika hotuba, na wenye magazeti huitia katika vichwa vya habari. Lakini sentensi ile ni ndefu, na watu wengi huishia mlangoni. Huko mwisho Dickens anasema kwamba zama zile zilifanana na zama zake mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya wenye kelele nyingi walishikilia kwamba zisemwe kwa maneno ya kupita kiasi tu, yawe ya sifa au ya lawama. Loo! Mtunzi anawacheka watu wanaosema kwa kupita kiasi, na watu wanaosema kwa kupita kiasi wanamfanya yeye kuwa shahidi wao. Wangaliisoma sentensi moja tu mpaka nukta yake, wangalijiona wenyewe wamo ndani yake.

Mwisho wa riwaya hiyo nao ni mashuhuri. Sydney Carton, mlevi aliyeipoteza akili yake njema katika uvivu, anakwenda kukatwa kichwa mjini Paris mahali pa Charles Darnay, mtu aliyefanana naye sura, mume wa mwanamke ambaye Carton alimpenda. Maneno ya mwisho kuhusu tendo lake na pumziko lake hujulikana hata na watu wasiolijua jina la Carton. Sasa mwulize bingwa wa madondoo: nani aliyasema maneno hayo, na alimwambia nani? Atajibu upesi kwamba ni Carton, kisha ataanza kumtafuta msemewa. Jibu la kweli ni kwamba Carton hakuyasema. Msimulizi anatuambia kwamba kama Carton angaliyatoa mawazo yake, na kama mawazo hayo yangalikuwa ya unabii, basi yangalikuwa hayo. Hapana msemaji, na hapana msemewa; liko tumaini la msimulizi juu ya mtu aliyekwenda kufa kimya. Swali la nani anamwambia nani linavunjika hapa kama mpini wa jembe juu ya mwamba. Aliyekisoma kitabu ataanza kufikiri: je, mtu yule alipata amani kweli, au ni sisi tunaotaka aipate? Hilo ndilo swali linalofaa kuulizwa, na hakuna mwongozo wa kukariri unaoweza kulijibu kwa niaba yako.

Chukua mfano wa pili. Mwaka 1813 Jane Austen alichapisha Pride and Prejudice bila kulitia jina lake kitabuni. Sentensi yake ya kwanza inatangaza, kwa sauti ya hakimu, kwamba dunia nzima inajua kuwa mwanamume tajiri asiye na mke lazima anahitaji mke. Mwenye kuujua mstari huo peke yake hudhani kwamba Austen anatoa wasia juu ya ndoa. Lakini ni kejeli. Sentensi inayofuata inafunua kwamba wenye haja si tajiri yule, bali majirani wenye mabinti. Naye anayeendelea kusoma hugundua kwamba ndani ya kejeli mna hofu. Nyumba ya Bwana Bennet ina mabinti watano na haina mtoto wa kiume. Shamba lao limefungwa kwa masharti ya urithi, hata baba akifa litakwenda kwa jamaa wa kiume aitwaye Collins, na mama na mabinti watakuwa hawana mahali pao. Hapo ndipo mama yule anayechekesha anapokuwa mama wa kuhurumiwa.

Je, habari hiyo ni ya Uingereza tu? Msichana wa Kilungu au wa Ikutha anayeisoma atayatambua mambo yake ya karibu. Sheria ya urithi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, na Katiba ya mwaka 2010 ikakataza ubaguzi baina ya mwanamke na mwanamume. Hata hivyo mjadala wa binti na shamba la babaye haujanyamaza katika koo zetu. Msichana huyo akiusoma mstari wa kwanza tu, amepata kichekesho cha Kiingereza. Akikisoma kitabu kizima, amepata jambo la kumwuliza babaye, na la kumwuliza chifu, na la kujiuliza mwenyewe. Tazama ukubwa wa hasara!

Tena kuna mistari mashuhuri ambayo haimo kabisa katika vitabu inakodaiwa kutoka. Dunia nzima humtia Sherlock Holmes kinywani usemi wa kumwambia rafiki yake Watson kwamba jambo fulani ni jepesi mno. Arthur Conan Doyle aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za mpelelezi huyo, na usemi huo, kwa mpangilio watu waujuao, haumo hata katika moja. Vivyo hivyo watu wengi humwita zimwi la Mary Shelley kwa jina la Frankenstein, hali katika riwaya hiyo ya mwaka 1818 Frankenstein ni jina la kijana msomi aliyeliumba, na kiumbe mwenyewe hakupewa jina. Kutopewa jina ndiyo sehemu kubwa ya huzuni yake, kwa maana aliyemuumba alimkimbia. Hivi anayekosea jina hakukosea jina tu. Ameikosa hadithi yote.

Usidhani kwamba watunzi wa mbali tu ndio wanaodhulumiwa hivi. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, na mwaka 1966 akazitoa hadithi za Wakamba kwa Kiingereza katika Akamba Stories. Mwaka 1969 alichapisha African Religions and Philosophy, na ndani ya kitabu hicho mna sentensi juu ya mtu na jamaa yake, kwamba mmoja yupo kwa sababu wengine wapo. Sentensi hiyo imezunguka dunia. Imo katika hotuba na katika mafunzo ya viongozi, na wengi wanaoitamka hawajui kwamba aliyeiandika ni mwana wa Kitui. Zaidi ya hayo, hawajui kwamba katika kitabu hicho Mbiti aliuchunguza wakati kwa kuzitazama nyakati za vitenzi vya Kikamba, akachagua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuyabeba mawazo yake. Wapo wanazuoni waliompinga vikali katika hoja hiyo. Mtu hawezi kumpinga Mbiti wala kumtetea kwa kuujua mstari wake mmoja. Huweza kumpigia makofi tu, na makofi hayajapata kuwa hoja.

Historia ya nchi yetu ina fundisho juu ya jambo hili. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf, akiwa Kitui katika nchi ya Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji. Jina la mlima alilolisikia kwa wenyeji ndilo lililozaa jina la Kenya. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Habari zilipofika London, mjuzi wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley alikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Cooley hakuwa mjinga. Alijua mengi yaliyosemwa juu ya Afrika, ila hakupata kukanyaga huku. Elimu yake ya habari za mlima ilimpa ujasiri wa kuukana mlima wenyewe. Akamba na wapagazi waliouona kila siku wangalimcheka. Na wewe, msomaji, kitabu ni mlima na mwongozo ni habari za mlima. Anayejua habari nyingi na hajafika ndiye mwepesi wa kubishana na aliyefika.

Sasa nifike mahali ambapo jambo hili linatoka shuleni na kuingia katika maisha ya taifa. George Orwell alichapisha Animal Farm mwaka 1945, na Fortunatus Kawegere akaifasiri kwa Kiswahili, Shamba la Wanyama, ikatoka Nairobi mwaka 1967. Wanyama wanamfukuza bwana wao na kuandika amri saba ukutani. Kwa kuwa kondoo na wengine hawawezi kuzishika amri saba, nguruwe Snowball anazifupisha kuwa msemo mmoja mwepesi, na kondoo wanaupenda, wanaulia kwa muda mrefu bila kuchoka. Tazama vema: huo ndio mwongozo wa kwanza katika kitabu hicho, na ulitolewa kwa nia njema! Baadaye amri zinabadilishwa usiku, neno moja hapa na neno moja pale. Farasi Clover anahisi kwamba amri haikuwa hivyo, lakini hajui kusoma vizuri, naye anakubali alichosomewa. Boxer, mwenye nguvu kuliko wote, hakuvuka herufi ya nne. Mwisho Squealer anawachukua kondoo pembeni kwa juma zima na kuwafundisha msemo mpya ulio kinyume cha ule wa kwanza, nao wanaulia kwa bidii ile ile. Kondoo hawakusaliti lolote, kwa sababu hawakuwa wameelewa lolote.

Punda Benjamin ndiye anayenisikitisha zaidi. Yeye anajua kusoma sawa na nguruwe, lakini haitumii elimu yake, kwa kuwa anaona hakuna cha maana cha kusoma. Siku Boxer anapochukuliwa ndani ya gari, wanyama wengine wanampungia kwaheri kwa furaha, wakidhani anakwenda hospitali. Ndipo Benjamin anapowapigia kelele na kuwasomea maandishi yaliyo ubavuni mwa gari: ni gari la mchinja farasi. Amesoma kweli, lakini amesoma baada ya mlango kufungwa.

Msomaji, nchi yetu inahitaji watu wasiokuwa kondoo na wasiokuwa Benjamin. Utapiga kura ukiwa na miaka 18. Utaletewa mkataba wa kazi, hati ya shamba, fomu ya mkopo, sheria ya kaunti. Utaletewa kwenye simu maneno yaliyotiwa jina la mtu mkubwa ambaye hakuyasema kamwe. Katika hayo yote hapatakuwa na mwongozo wa kukuambia nani anasema, anamwambia nani, na kwa sababu gani. Aliyezoea kuishia mlangoni mwa sentensi ya Dickens ataishia mlangoni mwa mkataba pia, na sharti lenye kumnyang'anya shamba liko ukurasa wa mwisho.

Nimesikia hoja za wanaoitetea desturi hii, nami sitazificha. Wa kwanza husema, muda hautoshi, na mtihani haungoji. Na tuhesabu pamoja. Riwaya ya kurasa 300, ukisoma kurasa 10 kila usiku, humalizika kwa usiku 30. Hata ukisoma kurasa 5, ni usiku 60, na kutoka kidato cha tatu mpaka mtihani una karibu miaka miwili. Tena katika swali la dondoo lenye alama 20, muktadha huwa na alama 4 kwa kawaida. Alama 16 zinazobaki huuliza tabia, maudhui na mbinu za lugha, na mambo hayo hayakai ndani ya mstari mmoja. Anayekariri anafukuza alama 4 na kuziacha 16. Hata mfanyabiashara wa ndengu aliye mchanga kabisa hangekubali biashara hiyo.

Wa pili husema, vitabu ni ghali na mwaka wa ukame karo yenyewe ni taabu. Hoja hii ni nzito, na lawama yake haimwangukii mwanafunzi. Inatuangukia sisi wazazi, walimu na viongozi. Lakini uhaba wa vitabu si sababu ya kukariri. Ni sababu ya kusoma pamoja. Nakala moja ikisomwa kwa sauti, kwa zamu, kurasa 10 kila jioni, hutosha darasa zima. Watu wengi wa London walizipokea riwaya za Dickens kwa njia hiyo, sehemu kwa sehemu, wakisomewa na mwenzao, na miongoni mwao walikuwamo wasiojua kusoma. Na ukifuata barabara ya Mwingi hata Garissa, utafika mahali ambapo maktaba ilianza kubebwa na ngamia mwaka 1996 ili vitabu viwafuate wafugaji. Kama kitabu kiliweza kupanda ngamia, kitashindwaje kupita kutoka dawati moja kwenda jingine?

Wa tatu husema, mstari ni mlango, na anayeupenda mlango huenda akaingia. Hili ni kweli, nami nalikubali kwa moyo mweupe. Mstari mzuri ukikaa kichwani ni mali. Wazee wetu walijua thamani ya maneno machache. Katika Ukamba mtegaji husema kwata ndai, na mwenzake hujibu nakwata, na hapo kitendawili hutegwa. Lakini kumbuka kwamba kitendawili humfaa yule anayekijua kitu chenyewe. Asiyepata kuuona mzinga wa nyuki, jibu la mzinga kwake ni sauti tupu. Basi upende mlango, lakini usijenge kibanda mlangoni ukawaambia wapita njia kwamba unakaa ndani ya nyumba.

Wa nne husema, tuzitupe riwaya za Kiingereza zote, maana si zetu. Kwake nina neno fupi. Kukikataa kitabu kwa jina lake ni ndugu wa kukisifu kwa mstari wake. Wote wawili hawakukisoma. Julius Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 1963 akiwa kiongozi wa nchi iliyokwisha kujitawala, wala hakupungua Uafrika wake kwa kazi hiyo. Alikisoma kitabu mpaka akaweza kukisema kwa lugha yake. Anayekataa baada ya kusoma namheshimu, hata nisipokubaliana naye. Anayekataa kabla ya kusoma ni kondoo aliyebadilishiwa msemo.

Basi ufanyeje? Nakupa mambo manne. Kwanza, usiandike dondoo lolote katika daftari kabla ya kuisoma sura nzima lilimotoka. Pili, ukisha kuliandika, ongeza chini yake swali lako mwenyewe, si jibu la mtu mwingine. Tatu, mwongozo usiufungue mpaka ukimalize kitabu. Ukiufungua wakati huo, bishana nao, kwa maana na wao walioutunga ni watu, na huenda wewe umeona walichopitia mbali. Nne, mtu akikupigia makofi kwa kuutambua mstari, mwambie kile kinachofuata baada ya mstari huo. Ukiweza, makofi ni haki yako.

Nanyi walimu wenzangu, nina neno nanyi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 unaaga na mwingine umeingia, na katika kila badiliko husemwa kwamba kukariri kumekwisha. Hakutakwisha kwa waraka. Kutakwisha siku mwalimu atakapoacha kuuliza nani alisema, na kuanza kuuliza kwa nini, na ni nani asiyekubali, na utathibitishaje. Swali la kwanza husahihishwa kwa haraka. La pili hula jioni ya mwalimu. Lakini tukiikimbia taabu hiyo, tusishangae wanafunzi wetu wanapoikimbia taabu ya kusoma. Kijito hufuata chemchemi.

Ewe mwanafunzi, mito yetu mingi, Tiva na Kaiti na mingineyo, huonekana mikavu muda mrefu wa mwaka. Mgeni akipita huona mchanga. Mwenyeji huchimba, na chini ya mchanga hupata maji ya kunywa yeye, watoto na mbuzi. Mistari mashuhuri ni unyevu juu ya mchanga: ni dalili njema, lakini dalili haikati kiu. Kipo kitabu katika shule yako, pengine kimechakaa na jalada limetoka. Kichukue leo, anza ukurasa wa kwanza, wala usikiweke chini hata ukifikie ukurasa wa mwisho.